Mtungi ukutani sawa, ngazi za nyuma je?

Zimamoto walikuja kukagua ghorofa letu hapa Mbeya, floo tano, na mlinzi akajua ni yale yale, wataangalia mtungi wa kuzimia moto, watasaini, wataondoka. Akawapeleka moja kwa moja kwenye ule wa pale chini, umefutwa vumbi asubuhi hiyohiyo unang'aa kabisa.

Afande akautoa ukutani, mshale uko kwenye nyekundu. Akaupindua juu chini, akatega sikio. "Kaka, unga umeganda huu, mara ya mwisho mmejaza lini?" Mlinzi kimya.

Afu hakuishia hapo, akaulizia ngazi za nyuma. Hapo ndo kasheshe. Mlango una kufuli, funguo anao mzee mwenye nyumba, na mzee mwenyewe yuko Tunduma, basi simu zikapigwa weee mpaka kijana wake akaja nazo, kufungua hivi tunakuta magunia ya mkaa, godoro, kochi bovu na mitungi miwili ya gesi. Jamani, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipai juu, inashuka ngazi kwa ngazi inajikusanya huko chini inasubiri mtu awashe kiberiti.

Mi naona tumeshikilia sana mtungi. Mtungi ni wa moto mdogo unaoanza tu, ila ukishashika pazia na kochi kinachoua watu wengi ni moshi, na ngazi kwa moshi ni kama dohani tu, unapanda nao mpaka floo ya juu. Grenfell Tower, ghorofa la makazi kule London, Juni 2017, moto ulianzia kwenye friji floo ya nne, ukapanda na vile vibao vilivyobandikwa kwenye kuta za nje, vyenye plastiki ndani, wakafa watu 72. Watu wanaongelea sana vibao, lakini lile jengo la floo 24 lilikuwa na ngazi moja tu. Sisi tumejaliwa mbili halafu moja tunaipiga kufuli!

Tena tusimsingizie mzee peke yake, kufuli waliliomba wapangaji wenyewe sababu ya vibaka. Na madirisha yote yana nondo, kwahiyo huko nako hutoki. Na huu mwezi wa sita baridi ya Mbeya mnaijua, kila nyumba jiko la mkaa liko ndani, ambalo hata bila moto kuwaka hewa yake inaua watu usingizini.

Kwenye grupu la wapangaji bado wanazozana mkaa uwekwe wapi, mama wa floo ya tatu kagoma kabisa kuhamisha magunia yake. Kufuli ila mzee kakubali litoke, anataka komeo la kusukuma kwa ndani ambalo mtu wa nje hawezi kufungua. Mwenye fundi wa hayo makomeo, Mwanjelwa au Uyole huko, anitajie na bei.