Jongoo, mivinje na ardhi iliyokufa pale Bamburi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu na dada zangu, hii ni tafakari yetu ya Ijumaa.

Katika Suratu Rum aya ya 50 Mola wetu atwambia tuziangalie athari za rehema yake, vile anavyoihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Aya hii twaisoma sana na wengi wetu akili yaenda kwa mvua moja kwa moja, masika yakishuka majani yakachipuka tushaelewa, basi twapita aya ya mbele. Lakini tumeamrishwa tuangalie, na kuangalia kwataka mtu akae pahali atulie. Kwa hio wiki hii nataka tukae kwenye ardhi moja ambayo sote twaijua, kila anaepanda matatu ya Mtwapa apita kando yake, pale Bamburi hapa Mombasa, kwenye ile mivinje mirefu ya Haller Park. Watoto wetu hupelekwa pale na shule kulisha twiga na kuona mamba, wakapiga picha wakarudi nyumbani, na wengi hawajui kua pale palikua timbo la mawe.

Na si timbo dogo. Kiwanda cha simiti kilianza 1954, na simiti yataka mawe ya chokaa, na pwani yetu hii imekalia matumbawe ya kale yaliogeuka jabali. Basi wakaondoa miti, wakaondoa udongo wa juu, wakachimba jabali lenyewe wakashuka nalo mpaka wakakaribia maji ya chini ambayo nayo yana chumvi. Kilichobaki ni uwanja mweupe wa mawe, jua likipiga macho yauma, hakuna udongo hakuna mdudu hakuna kivuli. Na tuseme haki, simiti ile ndio tuliyojengea nyumba zetu na misikiti yetu na madrasa zetu, sote tumekula kwa timbo lile, tusilitazame kama jambo la watu wengine.

1959 aliajiriwa pale kijana wa Kiswisi kwa jina René Haller, elimu yake ilikua ya bustani na kilimo cha nchi za joto, na kabla ya hapo alikua kwenye shamba la kahawa Tanganyika. Ilipofika 1971 ndio akaanza ile kazi ya kurudisha uhai kwenye timbo. Sisi tukisikia mhifadhi wa wanyamapori picha inayotujia ni yule askari wa Tsavo mwenye bunduki akifuata nyayo za majangili, na wale wana kazi nzito Allah awalinde, lakini huyu alianza pahali ambapo hapakua na mnyama hata mmoja wa kuhifadhi. Alianza na mawe matupu. Wazee wetu hutwambia hekima ni kitu kilichompotea muumini, popote atakapokiona yeye ndie mwenye haki nacho zaidi, kwa hio tusione tabu kujifunza kwa mtu aliezaliwa Uswisi.

Alijaribu aina 26 za miti. Zilizohimili ni tatu tu: mnazi, mti wa damas ambao asili yake ni pande za Somalia na Yemen, na mvinje. Hebu zipige hesabu mwenyewe zile zilizokauka. Mtu upande, umwagie maji, uje asubuhi ukute mche umekunjamana, upande mwengine, nao vilevile, na watu wakipita waona wazi kua wapoteza wakati kwenye mawe, na uwe bado waamka kesho kwenda palepale. Mimi nikifika hapa kwenye habari hii huwa naikumbuka ile hadithi ya Mtume (s.a.w) kua Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama basi na aupande. Hatukuambiwa kwanza tuulize kama utazaa, wala nani ataukalia kivuli chake.

Sasa huu mvinje. Twauona kila siku kule ufuoni, Nyali mpaka Shanzu, wavumilia chumvi na upepo, na mizizi yake Mola ameijalia kukaa na bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani wakaulisha mti, ndio maana waweza kumea pahali ambapo mti mwengine ungekufa njaa. Basi ikamea, ikawa mirefu, kivuli kikapatikana, na mtu mwengine angesema alhamdulillah kazi imekwisha nikaribishe wageni. Lakini tatizo kubwa zaidi ndio lilikua laanza. Vile vijani vyembamba vya mvinje vilianguka vikalundikana chini na havikuoza. Vina tanini nyingi, ile kitu kali inayofanya bakteria wasiviguse, kwa hio vikawa vyalala tu juu ya mawe, vikavu, mwaka huu juu ya vile vya mwaka jana. Na jani lisipooza hakuna udongo. Msitu umesimama lakini ardhi yake bado ni maiti.

Aliefungua mlango ni jongoo.

Wallahi ni jongoo, yule yule wetu wa pwani, mweusi mnene wa miguu myekundu, ambae mvua ikikatika humkuta apanda ukuta wa choo au amelala barazani. Mkimtazama kwa karibu mtaona ile miguu haiendi pamoja, yaenda kwa mawimbi, wimbi lapita kutoka nyuma kuja mbele na lengine lishaanza nyuma yake, na mtoto akimgusa kwa kijiti ajikunja duara akaacha harufu, basi mama mtu aja na ufagio amtoa nje. Ndio na msemo wetu, mtupa jongoo hutupa na mti wake, yaani jongoo kwetu ni kitu cha kutupwa na kile kilichomgusa nacho kitupwe. Haller alipata kumwona jongoo huyu akila vile vijani vikavu vya mvinje, vile vilivyowashinda bakteria. Hakumtupa. Akakusanya jongoo kwa mamia akawaachilia kwenye timbo, na wao wakafanya kazi waliyoumbiwa, wakala, wakanya, na kile kinyesi chao bakteria wakakiweza, na hapo ndipo udongo ulipoanza kupatikana juu ya mawe, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Ndege wakaja na mbegu tumboni, miti mengine ikajiotea yenyewe, mabwawa yakafugwa samaki, wanyama wakaletwa na wengine wakaja wenyewe. 1984 watu wakafunguliwa kuingia, na 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamweka Haller kwenye orodha yake ya tuzo ya Global 500, ya watu walioyatumikia mazingira.

Sasa rudini kwa Suratul An'am aya ya 38, Allah atwambia hakuna mnyama katika ardhi wala ndege anaeruka kwa mbawa zake mbili ila ni umma mfano wetu. Na tazameni majina aliyoyapa sura za Kitabu chake, kuna Nyuki, kuna Sisimizi, kuna Buibui. Nabii Suleiman (a.s) na jeshi lake lote, majini na watu na ndege, alipita bonde la sisimizi akasikia maneno ya sisimizi mmoja, akatabasamu akamshukuru Mola wake. Mfalme yule hakuona aibu kushughulishwa na sisimizi. Sisi leo hata dawa ya kuua wadudu twapulizia kabla ya kujua ni mdudu gani na afanya nini pale uani, na hili naliomba tulifikiri kwa dhati manake umma wa Mola hauuliwi kwa sababu tu umetuchukiza macho.

Kuna jambo jengine. Mnakumbuka Disemba 2004, tsunami ilipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko akaonekana amekwama kwenye mwamba baharini Malindi, amepotezana na wenzake wa mto Sabaki. Watu walihangaika nae na nyavu mpaka wakamtoa, akaletwa Bamburi, akapewa jina Owen, na akaenda kujibanza kwa kobe mkongwe anaeitwa Mzee, kobe wa asili ya visiwa vya Aldabra aliekadiriwa wakati ule miaka 130, wakawa wala pamoja na kulala pamoja na dunia nzima ikaja kuwatazama. Yatima amepata mlezi, subhanallah. Lakini mimi huwa najiuliza, yule yatima angepelekwa wapi lau timbo lingeachwa mawe? Bwawa lilikua tayari na kivuli kilikua tayari, kwa sababu mtu alianza kupanda 1971, na alipokua apanda, huyo kiboko hakua amezaliwa. Mtume (s.a.w) ametwambia Muislamu hapandi mti akaja akala mtu au ndege au mnyama ila huandikiwa sadaka, na imepokewa pia kua mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa ana ujira ndani yake. Masheikh wataeleza hukmu zake za umiliki, mimi nashika hapo kwenye ujira.

Na wakati ule wa Owen aliekua msimamizi pale ni Mkenya, mwanamke, Dkt. Paula Kahumbu, ambae udaktari wake aliusomea ndovu wa Shimba Hills hapa Kwale, ng'ambo tu ya feri. Nalitaja hili kwa ajili ya wazazi. Mtoto wetu akisema ataka bandarini twafurahi, akisema Dubai twamtafutia paspoti, lakini akisema ataka kusomea wanyama au misitu twamuuliza utakula nini. Tena akiwa msichana ndio kabisa, aambiwa porini si pahali pa mtoto wa watu. Jamani, mikoko ya Tudor inakatwa kuni mbele ya macho yetu, kasa waja kutaga kwenye fuo zetu, ndovu wa Shimba wako hapo, na wanaosomea mambo haya wengi watoka mbali waje kutusomea bahari yetu na msitu wetu. Khalifa wa ardhi tumeitwa sisi pia. Mtoto mwenye moyo huo mwacheni asome, na mumuombee dua mkimpa nauli.

Kwa upande wetu hapa mtaani tuanze na lililo mikononi. Mwajua kule nyuma ya madrasa ni kifusi na mabaki ya matofali, hakumei kitu, na hapo hapo mbele maji ya udhu yatiririka kutwa mara tano yaenda kuloweka barabara. Fundi amesema mfereji mdogo watosha kuyageuza yaelekee kule nyuma. Tutapanda mivinje kwanza manake huo ndio wenye subira ya mawe, muarubaini ufuate, na yale majani yakianguka tafadhalini yasifagiliwe yakachomwa, yaachwe chini. Jumapili baada ya Alasiri inshallah, mwenye jembe aje nalo, mwenye sururu ndio bora zaidi kwa kile kifusi, na watoto wa madrasa wakiona jongoo wakati huu wa mvua wamchukue kwa kijiti taratibu wamlete pale.

Wassalamu alaykum.