Siku moja maishani mwangu: kupima nguvu za pikipiki Nairobi

Saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya kugusa pikipiki yoyote, huanza na hewa. Karakana yetu iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na leo kipimahewa, kinachopima kanieneo (msukumo wa hewa), kinasoma hektopaskali 830, ilhali Mombasa husoma karibu 1,010. Injini ya pikipiki hujivutia hewa yenyewe, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi namna hii, nguvu hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya sita ingawa hakuna kilichoharibika. Kompyuta hurekebisha tofauti hiyo, mradi ipewe vipimo vya kweli. Mwaka jana niliacha kipimajoto karibu na ekzosi, kompyuta ikadhani hewa ni ya moto kuliko ilivyo, namba zikapanda bila haki, ikanibidi niwaite wateja wawili niwapimie upya. Tangu siku hiyo hukikagua kwa mkono wangu.

Saa mbili na nusu anafika kijana wa bodaboda na Boxer yake ya 150, ambayo kiwandani hutajwa kuwa na nguvu farasi 12. Muuzaji mmoja amemfungia silensa mpya na jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa zaidi kwenye kabureta, akamwahidi nyongeza ya nguvu farasi 3. Vile vya zamani amevibeba kwenye gunia.

“Fundi, sikiliza tu huo mlio,” ananiambia.

Saa tatu naifunga pikipiki juu ya dainamomita, mashine ya kupima nguvu ambayo rola lake huzungushwa na gurudumu la nyuma, na hapa sipendi haraka. Najaza tairi upepo, kisha nakaza mikanda hadi kwenye alama ya chaki niliyoichora, kwa sababu mkanda ukizidi kukazwa tairi hubonyea, hupata moto na kumeza nguvu ambayo ingefika kwenye rola. Rola lenyewe ni pipa zito la chuma. Kwa kuwa tunajua uzito na umbo lake, muda ambao gurudumu la nyuma linatumia kuliongezea kasi unatosha kutuonyesha nguvu iliyolisukuma.

Saa nne kasorobo. Feni inavuma mbele ya injini, na kijana amesimama pembeni, kwani nyuma ya gurudumu simruhusu mtu yeyote. Naingiza gia ya nne, nasubiri mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha navuta mafuta yote kwa mkupuo hadi 8,500. Mkimbio wa kwanza siuhesabu kwa sababu oili bado haijapata moto. Mitatu inayofuata inatoa nguvu farasi 7.9, 7.8 na 7.9.

Nafungua plagi: imejaa masizi meusi, makavu, yanayobaki kidoleni. Kipimo cha ekzosi kinaonyesha sehemu 10.8 za hewa kwa moja ya petroli, ilhali injini inayovuta kwa nguvu zote hutaka karibu 13. Jeti kubwa inamimina petroli ambayo hewa ya Nairobi haiwezi kuichoma.

Saa sita narudisha jeti ya zamani na kuiacha silensa mpya: 8.6, 8.7, 8.6. Baada ya chakula narudisha na silensa ya zamani: 8.5, 8.6, 8.5. Tofauti ya silensa hizo mbili, basi, inalingana na tofauti ya mkimbio mmoja na mwingine, na siwezi kwa dhamiri safi kuiita nyongeza.

Saa tisa naandika ripoti. Kijana ameshtushwa na 8.5, nami namweleza kwamba hiyo ni nguvu iliyofika kwenye gurudumu kwa hewa ya leo. Ikirekebishwa kwa hewa ya pwani inakuwa 10.4, na kilichobaki hadi 12 kimeliwa na gia, cheni na tairi. Naandika namba zote mbili, pamoja na kanieneo ya hewa, joto na upepo wa tairi, kwa sababu namba isiyo na mambo hayo haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Anauliza kama karatasi hiyo anaweza kumwonyesha muuzaji. Naigonga muhuri. Anaikunja mara mbili, anaitia mfukoni, na silensa mpya anaiweka ndani ya gunia lile lile.