Kadi iliyolala kwenye droo ya cherehani

Kadi ya kliniki ya mwanangu ilikaa kwenye droo ya cherehani wiki tano, chini ya bobini na vipande vya chaki. Kila nikitafuta sindano naiona. Nafunga droo.

Mimi si mtu wa kukataa chanjo. Binti yangu wa kwanza, ambaye sasa yuko darasa la kwanza, alichanjwa zote bila maneno. Kovu lake la BCG, chanjo ya kifua kikuu, liko begani kulia, na huwaonyesha wenzake kama medali. Ni kwa huyu wa pili, bwana mdogo, ndipo nilipokwama.

Alizaliwa mwishoni mwa Oktoba. Wiki ya 6 nikampeleka: matone mdomoni, sindano ya penta, ya magonjwa matano kwa pamoja, paja la kushoto, ya nimonia paja la kulia. Tulirudi nyumbani Makorora, hapa Tanga, amelala mgongoni. Saa tatu usiku mwili ukawa moto. Paja la kushoto likavimba, gumu kama limao. Akawa analia, ananyonya kidogo, analia tena, mpaka adhana ya alfajiri. Mume wangu alikuwa safarini na lori, kwa hiyo chumbani tulikuwa mimi na mama mkwe. Alinisaidia sana usiku ule, akimpangusa na kitambaa cha maji, lakini mdomo wake haukupumzika. "Mtoto alikuwa mzima huyu. Umembeba mwenyewe ukampeleka akachomwe."

Kesho yake jioni homa ikashuka. Siku ya tatu mtoto anacheka. Maneno ya mama mkwe ndiyo yaliyobaki.

Wiki ya 10 iliangukia Januari, na fundi yeyote anajua Januari ni nini. Nilikuwa na lundo la sketi za shule, wazazi wamesimama mlangoni, shule inafunguliwa Jumatatu. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo mume wangu akarudi na sauti ya WhatsApp, ya mtu asiyejitaja jina, anayesema sindano za watoto zimetiwa dawa ya kufunga kizazi. Akaongeza kwamba hata Magufuli alisema chanjo hazifai. Ni kweli, alisema kule Chato Januari 2021, habari ikiwa ni korona. Nikamkumbusha kwamba Julai mwaka uleule Rais Samia alichomwa mbele ya kamera nchi nzima ikitazama. Akakaa kimya, kisha: "Basi, wewe ndiye mama, amua." Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au alikuwa anakimbia.

Ile sauti haikunitia hofu. Kama sindano za utotoni zinafunga kizazi, wale wasichana wanaojaza benchi la wajawazito walikulia nchi gani?

Kilichonizuia nilikuwa naona haya hata kukitaja. Niliogopa kufokewa. Mwezi wa kumi na mbili nilimwona mama mmoja mbele yangu kwenye foleni, nesi ameshika kadi yake juu kama mwalimu aliyekamata barua. "Tarehe ya kurudi ilikuwa lini? Ulikuwa wapi? Ulikuwa unamsubiri nani akuletee sindano nyumbani?" Wenzetu wakacheka. Yule mama akawa anafunga na kufungua pindo la khanga yake. Nami nilicheka, kidogo.

Sasa zamu ilikuwa yangu. Nimechelewa wiki moja, nitasema nini? Zikawa mbili. Tatu. Kadiri nilivyochelewa ndivyo kosa lilivyokua, na kosa likikua unazidi kuchelewa. Nadhani wengi wanaoitwa wakataa chanjo wamekwama hapo tu, na kadi imo ndani ya droo.

Nikampigia mama yangu, Lushoto, kwa jambo lingine kabisa. Katikati nikamwambia. Hakunigombeza. Aliuliza penta inazuia nini, nikamtajia: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, na ile inayoleta homa ya uti wa mgongo. Akanikata kwenye kifaduro.

"Hicho mimi nakijua kwa sauti. Mtoto anakohoa mpaka pumzi inamwishia, halafu anavuta hewa kwa mlio kama jogoo anayejifunza kuwika. Akimaliza anatapika maziwa yote. Mdogo wangu alikohoa hivyo msimu mzima wa baridi."

"Akapona?"

"Homa ya mwanao ilikaa siku ngapi?"

"Mbili."

Akanyamaza. Kisha akauliza bei ya nazi Tanga.

Asubuhi iliyofuata nilifunga cherehani nikapanda bodaboda kwenda zahanati nyingine, mbali na mtaa, nisikojulikana. Woga wa kufokewa ulikuwa ungali pale pale. Nesi wa huko, kijana, aliitazama kadi, akahesabu kwa vidole, akasema, "Mama, hatuanzi upya. Tunaendelea tulipoishia. Kati ya dozi na dozi ziwe wiki nne tu." Wiki tano za kujitesa, na jibu lenyewe ni fupi hivyo.

Nikamweleza ule usiku. Akasema homa hiyo mara nyingi huletwa na sehemu ya kifaduro iliyomo kwenye penta, mwili ukiwa unajifunza, na kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili. Nisikande paja kwa kitambaa cha moto. Akipata degedege, au akilia saa tatu mfululizo bila kunyamaza, nisisubiri mtu, nimlete. Akanipa kipimo cha panadol ya maji kulingana na uzito. Halafu, bila mimi kuuliza, akanionyesha kichupa: kwenye lebo kuna mduara, na ndani yake mraba mweupe. Joto likiingia, mraba unaanza kuwa mweusi. Ukifikia rangi ya mduara, dawa inatupwa. Wa mwanangu ulikuwa mweupe. Miaka yote hii ya kubeba watoto kliniki sikuwahi kuambiwa kwamba na mimi naweza kuukagua.

Homa ilikuja tena usiku ule, ndogo. Nililala.

Nisije nikaonekana nawasifia mno: miezi 9 nilikwenda kwa ajili ya surua na rubela nikaambiwa nirudi Alhamisi, watoto ni wanne tu na kichupa ni cha dozi kumi. Naelewa, kikishachanganywa, kinachobaki hutupwa baada ya saa sita. Lakini mimi nimefunga kazi na nimelipa bodaboda mara mbili. Heri mwage dozi sita kuliko kumrudisha mama aliyekwisha kufika, maana Alhamisi yake huenda isifike. Yangu ilifika kwa sababu tu wateja walikuwa wachache.

Siku hiyo, pamoja na sindano, walinipa chandarua cha dawa. Mama mkwe alikipokea mlangoni, akakikunjua, akakipima kwa mikono. Akauliza chanjo inayofuata ni lini.

"Miezi 18."

"Na huko nako wanatoa?"

Nikamwambia sidhani. Chandarua kimefungwa kitandani kwake.