Rovu Lililojificha Nyuma ya Kidari

Mimi ni fundi rangi, na kwa miaka ya karibuni nimekuwa nikiitwa zaidi kwa ajili ya dari. Mikono juu, shingo imelalia nyuma, rola inakwenda na kurudi. Nilipoanza kukosa pumzi kazini, mafundi wenzangu walisema ni harufu ya tina ya kuzimulia rangi. Zahanati wakaandika pumu, nikapewa dawa ya kuvuta, nayo haikubadilisha chochote. Kuta nilikuwa napaka bila shida, kwa tina ile ile. Dari ndiyo iliyonishinda.

Usiku ukawa na tabu zake. Nikilala chali hewa inakata, nikijigeuzia ubavu napata nafuu. Mke wangu ndiye aliyesikia mluzi. "Baba Asha, huko si kukoroma," aliniambia. "Unavuta hewa kama mtu aliyezibwa mahali." Nilienda hospitali kubwa kwa sababu ya maneno hayo.

Daktari hakuanza na mashine. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. "Haya fundi, inua mikono yote miwili kama unapaka dari, ukae hivyo hivyo." Haikuisha dakika, uso ukajaa damu, mishipa ya shingo ikatutumka, kichwa kikawa kizito. Akaniambia nishushe mikono. Alama hiyo inaitwa kwa jina la Pemberton, daktari wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1946. Sababu yake ni hii: pale shingo inapoingia kifuani pana tundu lililozungushiwa mfupa, uti wa mgongo nyuma, mbavu za kwanza pembeni, kidari mbele. Humo hupita bomba la hewa, umio na mishipa mikubwa ya damu ya kichwani na mikononi. Mfupa hautanuki. Rovu, yaani tezi ya thairoidi ya shingoni iliyovimba, likiteremka humo, ukiinua mikono nafasi iliyobaki inabanwa, na damu ya usoni inakosa pa kushukia. Wapo wenye rovu la kifuani ambao uso wao haubadiliki kabisa wakiinua mikono, kwa hiyo usijipime nyumbani ukajihakikishia kwamba huna.

Shingoni kwangu palikuwa na uvimbe mdogo tu, kola ya shati ilitosha kuufunika. Altrasaundi ilionyesha tezi ya thairoidi imejaa vinundu, lakini mawimbi yake hayapiti kwenye mfupa, kwa hiyo sehemu iliyo nyuma ya kidari haikuonekana. Ilibidi siti skani. Daktari alinigeuzia kioo nione mwenyewe. Bomba la hewa, ambalo kwa mtu asiye na tatizo ni la mviringo, kwangu lilikuwa ufa mwembamba uliosukumwa upande wa kulia. Tezi ilikuwa imeteremka hadi karibu na upinde wa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni.

Nilikuwa na swali moja tu: mtanipasua kifua? Niliogopa msumeno, na najua wengi wanaokimbia hospitali wanakimbia huo huo. Jibu nililopewa nalieleza kwa kirefu, maana ndilo lililonipa nguvu ya kusaini.

Rovu la aina hii karibu kila mara huanzia shingoni. Likikua, mbele linazuiwa na misuli, nyuma liko uti wa mgongo, njia iliyo wazi ni ya chini. Uzito wake unalivuta, na kila unapomeza au kuvuta pumzi linasogea. Lakini linaposhuka linakwenda na mishipa yake ya damu, na mishipa hiyo chanzo chake kimebaki shingoni. Daktari wa upasuaji anakata shingoni chini, mkato wa kulala, anaifunga mishipa ya damu kwanza, kisha anaingiza kidole nyuma ya kidari na kulizunguka rovu taratibu, akiliachanisha na vilivyolizunguka, mpaka linapanda lenyewe juu. Walio wengi wanamalizwa hivyo. Wanaofunguliwa kidari ni wachache: ambao rovu limepita chini ya ule upinde, au limezunguka nyuma ya bomba la hewa, au waliwahi kupasuliwa tezi zamani, au lina saratani iliyoshika vitu vya jirani. Na wapo wale nadra sana ambao rovu lao limeota kifuani kwenyewe na linanyonya damu kutoka mishipa ya huko. Nilisaini kwa njia zote mbili, na daktari wa kifua alikuwa tayari endapo angehitajika. Hakuhitajika.

Niliuliza pia kama dawa haziwezi kulinyong'onyesha. Vidonge havirudishi rovu la ukubwa huo. Madini joto yenye mionzi hulipunguza kiasi, polepole, na mwanzoni yanaweza kulivimbisha, jambo la hatari kwa mtu ambaye bomba lake limebaki ufa. Tena, kuchukua kipande kwa sindano nyuma ya mfupa si salama, kwa hiyo usipolitoa huna hakika ndani yake mna nini.

Sauti nayo ilinipa wasiwasi. Ninasimamia vijana nikiwa juu ya jukwaa, bila sauti sina kazi. Neva za nyuzi za sauti zina safari ya ajabu: zinashuka toka kichwani, ya kushoto inapita chini ya mshipa mkuu wa moyo, ya kulia chini ya mshipa wa mkono, halafu zinapanda tena zikiwa zimeegemea nyuma ya tezi. Rovu kubwa huzisogeza mahali ambapo hazitegemewi. Ndiyo sababu kabla ya upasuaji walinipitisha kamera puani kuangalia kama nyuzi zote mbili zinacheza.

Mtu ninayemkumbuka zaidi ni daktari wa usingizi. Watu humshukuru mpasuaji, naye anastahili, lakini kwa mgonjwa mwenye bomba lililobanwa, saa ya hatari kubwa ni ile ya kulazwa usingizi. Ukilegea umelala chali, rovu linaweza kuziba njia yote. Alinikalisha nusu wima, akanipulizia ganzi puani na kooni, akapitisha mpira mwembamba wenye kamera nikiwa macho, huku akinisemesha. "Vuta pumzi, mzee wangu, tumefika. Vuta tena." Mpira wa kupumulia ulipokaa mahali pake ndipo akanilaza. Ule mpira ulikuwa na vihisio vya kusikiliza nyuzi za sauti, ili mpasuaji akiigusa neva apate kujua.

Usiku wa kwanza sista alikuja mara kwa mara kunishika shingo na kuniambia niongee. Damu ikivujia ndani baada ya upasuaji, inaweza kuziba hewa kwa muda mfupi sana, na hapo nyuzi za kidonda hufunguliwa palepale kitandani. Vifaa vya kazi hiyo vilikuwa kando ya mto wangu. Sikuvihitaji. Kilichonipata ni ganzi ya midomo na kuchomachoma ncha za vidole, kisha vidole vikaanza kujikunja. Nyuma ya thairoidi zimo tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele, ambazo hulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Zikiguswaguswa huzimia kwa muda. Niliwekewa kalsiamu kwa dripu na vidole vikanyooka nikiviangalia.

Daktari Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, alitambua kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walikuwa wazito wa akili na wa mwili baadaye. Tezi ilikuwa imekwenda na homoni yake. Sisi wa leo tuliotolewa tezi tuna kidonge cha homoni hiyo. Nameza levothairoksini asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, na nasubiri kabla ya kula. Kalsiamu niliitenga nayo kwa saa nne, kwa sababu zikikutana tumboni levothairoksini haifyonzwi vizuri. Baada ya wiki kama sita hupimwa damu, kipimo kiitwacho TSH, ili kujua kama dozi inatosha.

Majibu ya maabara yalikuja bila saratani. Sauti ilikwaruza kwa wiki kadhaa, ikarudi, ila nikipaza sana inachoka mapema. Kalsiamu nimeshaachishwa. Levothairoksini ni ya maisha, na dozi yangu imeshabadilishwa mara moja.