Fuvu la Nguva, Mafia

Mwaka 2023 nilikwenda kisiwa cha Mafia, Tanzania, kutafuta mifupa ya nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini anayenyonyesha. Waliosikia nimefuata nguva walinionea huruma, wakidhani nataka walio hai. Hao kuwaona ni bahati. Desemba 2022 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, iliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa makadirio kwamba waliokomaa hawafiki 250 katika pwani yetu yote, wengi wao wakiwa visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Lakini mifupa bado imo majumbani mwa wavuvi.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyeacha bahari kwa sababu ya macho. Baada ya shikamoo na kahawa akavuta fuvu uvunguni mwa kitanda, limeviringishwa kwenye kipande cha tanga. Nilipolipokea mikono ilishuka. Mfupa wa nguva umeshiba hadi ndani, mzito kama jiwe la kusagia, na uzito huo humsaidia kukaa chini akila majani ya bahari. Taya la juu limepinda kuelekea chini, hukohuko kwenye malisho.

"Huyu jike," akasema. "Marehemu baba alimpata mimi sijaoa."

Nikavaa glavu na barakoa, maana hata mate yangu yangechafua vinasaba vilivyobaki. Nikatoboa karibu na sikio kwa drili ndogo ya betri, taratibu, kwa kuwa joto likizidi huharibu kile kile unachokitafuta. Unga mweupe ukadondoka kwenye foili, haba, usiojaza hata ncha ya kijiko.

"Sasa mjukuu wangu, unga huo unasema nini?"

Nikamweleza kwamba kuna vinasaba ambavyo mtoto huvirithi kwa mama tu, na mama kwa bibi, hivyo hivyo kurudi nyuma. Ukilinganisha mifupa ya kale na ya sasa, unaziona koo za kikeni zilizokuwepo na zilizokatika. Utafiti uliochapishwa 2019, uliotumia mifupa na meno yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho, ulionyesha kwamba nguva wa upande wetu wa Bahari ya Hindi wana nasaba zao, mbali na wa Australia, na kwamba wingi wa nasaba hizo umepungua. Wa Madagaska na Komoro nao wanatofautiana na wa pwani ya bara la Afrika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko idadi yenyewe: ukoo wa Mafia ukikatika, hakuna nguva wa kwingine atakayeurudisha.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuwataja wale aliowaona ujanani kati ya Mafia na delta ya Rufiji, majike na watoto wao ubavuni. Halafu yakaja majarife, nyavu za nailoni zenye matundu makubwa ya kunasia papa na samaki aina ya taa, yakilazwa majini usiku kucha. Nguva lazima apande juu apumue. Akinasa, dakika chache tu amekufa. Na jike huzaa mtoto mmoja, mimba inapita mwaka, kisha hupita miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Uzazi wa namna hiyo hauwezi kushindana na jarife.

Mwanawe alikuwa amekaa kizingitini muda wote, yeye bado anavua. Nikamwambia akimkuta nguva amekufa wavuni atoe taarifa haraka, kwani hata kipande kidogo cha ngozi kina faida.

"Na nikimkuta hai?"

"Kata wavu, kaka. Mwachie aende."

"Sawa, nitakata. Wavu mwingine nani ananipa?"

Baba yake hakumkemea. Alinigeukia mimi, akingoja jibu. Nikaliandika swali lile kwenye daftari, chini ya namba ya sampuli, na tangu hapo kila kikao cha uhifadhi wa nguva ninachoalikwa ndilo la kwanza ninalouliza: fungu la kununulia wavuvi nyavu liko wapi?