Quedar: kitenzi cha Kihispania nilichokimudu kwa Kiswahili changu

Hapa Valencia kila Mswahili mgeni anaambiwa kilekile nilichoambiwa mimi: "Quedar ni kubaki, kariri uendelee." Ushauri mbovu huo, na unaniudhi hadi leo. Rafiki akikuambia hemos quedado a las nueve, utadhani mmebaki mahali fulani, kumbe mmeahidiana kukutana saa tatu.

Mimi kitenzi hiki nilikipatia dukani, nilipokuwa nauza nguo. Siku moja aliingia mama anatafuta suruali. Akaniuliza: ¿Te queda la cuarenta y dos? Yaani, saizi 42 imekubakia? Nikamletea. Akatoka kwenye chumba cha kujaribia, akajigeuza mbele ya kioo, akaushika mkanda wa kiunoni kwa vidole viwili kupima nafasi: ¿Qué tal me queda? Mbona hili tunalo! Si tunasema nguo imekukaa? Nikamjibu papo hapo, le queda muy bien, imekukaa vizuri sana. Ingekuwa inampwaya, ningesema le queda grande. Akaridhika: me los quedo, naichukua. Amesema los, wingi, kwa kuwa hata suruali moja kwao huweza kuitwa los pantalones.

Tangu siku hiyo nikaacha kupitia Kiingereza. Chukua me, te, nos uziweke mahali pa -ni-, -ku-, -tu-. Me quedan diez euros: zimenibakia euro kumi. Zilizobaki ni euro, si mimi, ndiyo maana ni quedan. Nos quedan dos: zimetubakia mbili. Wenzangu wa darasani kutoka Uingereza walihangaika na hili miezi, wakisema quedo kila mara, na mimi nilikuwa nalitamka bila kufikiri. Najivunia hilo.

Ukiuliza njia, ¿dónde queda la farmacia?, duka la dawa liko wapi, ni sawa kabisa, maana jengo halihami. Mtu usimuulizie hivyo, tumia está.

Asili yake ni Kilatini quietare, kutuliza, na utulivu huo bado unasikika kwenye quedarse. Mwaka 2020, wakati wa korona, Hispania nzima iliambiwa quédate en casa, tulia nyumbani. Halafu kuna yale yanayomkuta mtu bila kupanga: me quedé dormida, nilipitiwa na usingizi, se quedó ciego, alipofuka.

Sasa kuweni macho na con. He quedado con mi hermana, nina miadi na dada yangu. Lakini quedarse con ni kukichukua kitu kikawa chako. Mwenye nyumba akikuambia me quedo con la fianza, hakupangii siku ya kuonana. Amana yako hairudishi, na hapo dai maelezo kwa maandishi kabla hujamkabidhi funguo.