Vuta, vuta, acha: chambo cha besi kwenye maji ya Wete

Chambo hiki hakikukusudiwa samaki wetu. Kilitengenezwa kwa ajili ya besi, samaki wa maji matamu wa Amerika Kaskazini, anayejificha kwenye magogo na majani akisubiri kidagaa kilichoumia kipite. Huku Pemba besi hayupo. Walio karibu nasi wako Kenya, Ziwa Naivasha, na hao nao waliletwa kutoka Marekani zama za mkoloni. Mimi navua Wete, kolekole na mzia, na zana zangu za siku zote ni mshipi wa mkono, ndoana na kipande cha ngisi. Lakini shemeji yangu anaishi Ohio na uvuvi wa besi ndio starehe yake. Alipokuja kutusalimia Sikukuu ya Idi aliniachia fimbo ya kuvulia, rili yake ya kukunjia uzi, na kikasha cha vyambo vya plastiki anavyoviita jekibeti.

Kwa umbo kinakaribia chuchunge: kirefu, chembamba, mgongo wa buluu, tumbo la fedha. Chini ya kidevu kina ulimi wa plastiki ulioinama. Ukikivuta, ulimi unakata maji na chambo kinashuka mpaka mita moja au zaidi kidogo. Tumboni mna gololi zinazogongana.

Somo la shemeji lilikuwa fupi: vuta, vuta, acha. Ncha ya fimbo unaielekeza kwenye maji, unaipiga kwa kifundo cha mkono, na papo hapo unairudisha ili uzi ulegee. Uzi ukikaza, chambo kinakuja moja kwa moja tu. Ukilegea, kinachupa kushoto, kinachupa kulia, halafu kinatulia katikati ya maji, hakizami wala hakielei, mithili ya samaki aliyeishiwa pumzi. Samaki mkubwa hula wakati huo wa kutulia. Majira ya baridi kule Ohio, maji yanapokaribia kuganda, shemeji hukiacha sekunde 10, hata 20, maana besi mwenyewe amezubaa.

Basi hapo kwenye kutulia ndipo penye kazi kwa sisi watu wa chumvi. Kabla sijatoka nilijaza ndoo mbili uani, moja ya maji ya kisima, nyingine ya maji niliyochota pwani. Kwenye maji ya kisima nilikizamisha chambo kwa kidole nikaachia, kikabaki pale pale. Kwenye maji ya bahari kikapanda. Polepole, lakini kikapanda, pua mbele. Watoto wa jirani walisimama kutazama, nadhani walifikiri naagua.

Sababu ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari inazidi lita ya maji ya kisima kwa zaidi ya gramu 20, kwa hiyo kitu kilichopimwa kitulie ziwani kitaelea baharini. Tofauti yenyewe ni ndogo mno: chambo cha gramu 14 hakihitaji hata nusu gramu ya ziada. Nilianza na ndoana, kwani zile za kiwandani ni nyembamba, zimewekwa kwa samaki asiye na nguvu za kolekole. Nikazitoa, nikatia ndoana nene za matawi matatu zisizoshika kutu upesi. Uzito wake peke yake ulikuwa nusu ya dawa. Nusu ya pili niliipata kwa fundi wa simu, aliyenikatia kipande cha ule waya laini wa risasi anaochomelea. Nikauzungusha kwenye shina la ndoana ya mbele mzunguko mmoja, nikakirudisha chambo ndooni, nikaongeza mzunguko, nikakirudisha tena, mpaka kikatulia pua imeinama kidogo. Risasi iwe kifuani. Ukiiweka ndoana ya nyuma, mkia unazama na chambo kinasimama wima, na hakuna samaki anayekimbia adui kwa mtindo huo.

Jambo jingine ni waya. Mzia na nguru wanakata nailoni bila kujitahidi, lakini waya mrefu unavuta pua chini na kukiharibia chambo mchezo wake. Mimi natia waya mwembamba usiozidi shibiri, na mwishoni nafunga kitanzi kilicho wazi, si fundo la kubana, chambo kipate kuyumba.

Tulitoka na ngalawa ya ami, tukaelekea milango ya bahari ya upande wa kisiwa cha Fundo. Maji ya ghuba ya Wete yakianza kutoka hupita hapo kwa nguvu, vidagaa vinakokotwa nayo, na kolekole wanasubiri pembeni mwa mkondo. Ami alikigeuzageuza chambo, akanirudishia.

"Mwanangu, kolekole wa Fundo atakula plastiki?"

"Tutaona, ami."

"Haya. Ila hizo ndoana zielekeze huko, nisije nikavuliwa mie."

Nilitupa kwenye ukingo pale maji meupe yanapokutana na kilindi. Nikavuta, nikavuta, nikaacha. Nilipoacha, mkononi sikuhisi kitu. Uzi uliolegea juu ya maji ndio ulihama pembeni kiasi cha shibiri mbili, kuelekea kule mkondo unakotoka. Nikakaza, na rili ikaanza kulia. Kolekole yule alinizungusha ngalawa nzima, ami akiokota tanga na kasia kunipisha njia huku akinung'unika. Tangu hapo macho yangu yako kwenye uzi zaidi ya mkono.

Ule mtuo mrefu wa Ohio haufai hapa. Bahari yetu ni ya joto, nyuzi 25 hadi 29 hivi kwa mwaka, na samaki wake hawana usingizi. Kwa kolekole napiga mara tatu za haraka na kuacha kwa muda wa kupumua mara moja, basi. Akipewa nafasi ya kukichunguza chambo anageuka. Mzia ana tabia ya kufuata nyuma bila kula, na ukimwona hivyo usiache kabisa, ongeza mwendo kama chambo kinatoroka. Chewa ndiye anayekaribia besi kwa tabia: analala kwenye jiwe lake, hataki safari. Kwake nakiacha chambo juu ya jiwe mpaka ami aanze kukohoa kwa kuchoka kusubiri. Akila, mvute palepale, akiingia pangoni umeshapoteza chambo, waya na vyote.

Siku za bamvua kubwa sikitumii. Tofauti ya maji kupwa na kujaa huku hufika karibu mita 4, na mkondo mlangoni unakikokota chambo hata hakipati kuchupa. Maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, nayo ni ya kivivu. Siku za katikati ndizo zangu. Na maji yawe safi, kwa sababu chambo hiki samaki anakila kwa macho. Kaskazi inatufaa, ila masika mvua zikishateremsha udongo, bora urudi kwenye ngisi. Kwa samaki aitwaye changu, sijaona faida ya chambo hiki hata siku moja.

Ami hakuitaka fimbo. Aliomba chambo kimoja akakifunga kwenye mshipi wake wa mkono, na kwa kweli ananishinda. Anavuta kwa dhiraa, analegeza kwa vidole viwili, na hiyo kulegeza anaijua tangu utotoni kwa kuvua na chambo cha kweli. Alichojifunza upya ni kuchukua koleo kumtoa samaki, maana matawi sita ya ndoana ndani ya ngalawa nyembamba si mchezo. Tukifika nyumbani vyambo vinaoshwa kwa maji ya kisima, kila mara.

Shida ni kwamba dukani Wete havipatikani, na jiwe linavila kuliko samaki. Kwa hiyo nachonga vyangu. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, mwaka 1936 alichonga chambo chake kwa koki, akakifunika karatasi ya chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa kwa kuwa hakuwa na vanishi. Mimi natumia kandambili chakavu, ulimi nautoa kwenye chupa ngumu ya plastiki, na katikati napitisha waya kutoka puani mpaka mkiani ili samaki avutane na waya, si na mpira. Vinachupa vizuri. Vinaelea kupita kiasi, na kila jioni niko uani na ndoo na ile risasi ya fundi, naongeza mzunguko.